Watu Watatu Kabla ya Saa Nane

Benchi la kona lilikuwa na urefu wa mita mbili na sentimita arobaini, na ubao wake ulilala juu ya vipande viwili vya bomba la chuma vilivyojazwa saruji. Fundi Koki ndiye aliyevisimika, miaka kumi na tisa iliyopita, na mpaka asubuhi hiyo ya Alhamisi havikuwa vimeyumba hata unene wa ukucha. Lilitosha watu wanne, au watano iwapo mmoja angekubali kukalia paja moja. Kushoto alikaa Breki, aliyeendesha malori kwa miaka thelathini na ambaye, kwa ushahidi wake mwenyewe, hakuwahi kupata ajali iliyokuwa kosa lake. Akafuata Fyuzi, fundi umeme, ambaye mtaa mzima ulijua kwamba taa ya sebuleni kwake iliungua mwaka juzi na bado iko kwenye ratiba. Kisha Desimali, mwalimu mstaafu wa hisabati, asiyevumilia kitu kuitwa "karibu" ilhali kinaweza kupimwa. Mwisho wa kulia, ukutani mwa duka la viatu, ndipo mahali pa Koki. Mwenye kahawa alisimama mbele yao na birika lake la vikombe ishirini na vinne, akimimina bila kuulizwa na bila kuchangia neno. Hakuwahi kurudi nyumbani na tone.

Asubuhi hiyo Koki alifika saa nne kasorobo akiwa na vitu viwili: kikombe chake cha bati na karatasi mbili za hospitali zilizobanwa pamoja. Ya juu ilikuwa na picha ya moyo. Ya chini ilikuwa na jedwali tupu la mistari mitatu: jina, umri, kundi la damu. Maelezo yake hayakuwa na kona. Watu watatu wa kumtolea damu wafike hospitali kabla ya saa nane mchana. Wakikosekana, nafasi yake ya kupasuliwa Jumatatu apewe mgonjwa anayefuata, naye asubiri zamu nyingine, ambayo daktari hakutaka kuitaja tarehe. Mkewe alikwishapimwa akaambiwa damu yake mwenyewe haimtoshi. Wanawe wawili walikuwa mbali, safari ya siku mbili. Kwa hiyo Koki alikuja kuwaomba wenzake, na njiani aliipanga sentensi yenyewe hadi ikabaki maneno matatu: naombeni mnitolee damu.

Shida ni kwamba Koki hakuwa mtu wa kuomba. Kwa miaka arobaini na mmoja ya ufundi bomba aliingia nyumba za watu na kila kitu chake, spana, kamba, tochi, tambara la kufutia mikono, na chupa yake ya maji ya kunywa. Kazi ya kwanza ya fundi bomba ni kufunga maji ya nyumba nzima, na yeye aliona ni aibu kuwakatia watu maji kisha kuwaomba kikombe. Mazoea hayo yalimganda. Hata pale kijiweni, mahali penye vikombe vya kutosha, alikunywa kwa cha kwake, na akimaliza alikisuuza akakirudisha mfukoni.

— Jamani, nina neno, alisema baada ya kukaa.

— Neno lako litangoja, alisema Breki. Tuanze na daktari. Alikwambiaje?

— Mshipa mmoja wa moyo umeziba. Walijaribu kuuzibua kwa ndani, waya ukakataa kupita. Sasa wanataka kuniwekea bomba.

— Bomba? Fyuzi aliweka kikombe chini. Wewe uwekewe bomba? Ungewaambia wakupe vifaa ujifungie mwenyewe.

— Wangeniona nimelewa.

— Hebu eleza vizuri, alisema Desimali. Bomba linatoka wapi, linakwenda wapi, urefu gani?

Hapo Koki alishindwa kujizuia. Alichovya kidole katika kahawa akachora juu ya ubao wa benchi.

— Huu ni moyo. Ndani kuna chumba kinachosukuma damu mwilini, na muda wote kimejaa. Lakini nyama ya moyo yenyewe hainywi humo. Inanywa kwa vijishipa vinavyopita juu yake, kwa nje.

— Yaani pampu inasambaza maji mji mzima, alisema Fyuzi, halafu yenyewe inasubiri ndoo?

— Ndiyo hivyo. Sasa kijishipa kimoja kimeziba hapa, na kuanzia hapa kwenda chini, nyama ina kiu. Wao wanatoboa ukuta wa chumba na kupitisha kijibomba, kinatokea kwenye mshipa uleule, ng'ambo ya palipoziba. Damu inatoka chumbani moja kwa moja.

— Urefu?

— Nusu kidole.

— Kidole cha nani? aliuliza Desimali.

— Cha daktari, mwalimu. Sikumpima.

Walikitazama kile kichoro kwa heshima. Koki alijua ni kazi safi. Alipomwuliza daktari damu itazuiwaje isirudi chumbani moyo unapolegea, daktari alivua miwani, akamtazama upya, akasema mna valvu ya njia moja, na kwamba wagonjwa wengi huuliza kama watakula chumvi. Kuhusu bomba lenyewe Koki hakuwa na wasiwasi mkubwa. Wasiwasi wake ulikuwa kwenye karatasi ya pili.

— Sasa, alisema, kuna ukurasa wa...

— Huo ni mchepuo, alisema Breki. Mimi michepuo naijua. Daraja likivunjika wanakuchongea kanjia pembeni. Kosa lao ni moja, hawaweki mtu wa bendera. Moyo wako una mtu wa bendera?

— Una valvu.

— Valvu haipungi mkono, Koki. Na sikia lingine. Mchepuo ukiwa mzuri, magari yote yanaupenda. Barabara kuu inaota nyasi, maduka ya kando yanafungwa. Damu yako ikizoea njia ya mkato, unadhani itakumbuka kupita kwenye figo? Figo likikosa wateja utamlaumu nani?

— Figo liko barabara nyingine kabisa, alisema Koki.

— Ndivyo wenye maduka walivyosema.

Breki alichovya kidole chake naye, akaongeza mzunguko wa magari upande wa kushoto wa moyo na kituo cha ukaguzi chini yake. Koki aliutazama ukurasa wa pili ukichungulia chini ya ule wa kwanza. Aliona aibu kukiri kwamba alipokatizwa moyo ulimtua, kama fundi aliyebisha hodi kwenye nyumba ya mdaiwa mgumu na kukuta wenyewe hawapo.

— Ninyi mnasema maji, mnasema magari, alisema Fyuzi. Nikuulize, Koki. Siku ile ya kwanza walikupima kwa kifaa gani?

— Kwa waya. Walinibandika waya kifuani.

— Walikubandika mita ya maji?

— Hapana.

— Basi nani fundi wa jambo hili hapa? Fyuzi aliwatazama mmoja mmoja. Moyo ni umeme. Unachosema kimeziba, mimi nasema kimelegea. Waya umelegea kwenye tundu, unawaka na kuzimika. Dawa yake ni kuruka palipolegea kwa kipande cha waya, dakika nne, bila kulazwa.

— Kama taa ya sebuleni kwako, alisema Breki.

— Ile nasubiri kifaa.

— Mwaka wa pili.

— Kifaa halisi hakipatikani haraka. Koki, hebu niambie, kitanda chako kimeelekea wapi?

— Dirishani.

— Na nje ya dirisha?

— Nguzo ya umeme.

Fyuzi aliegemea ukuta kama wakili aliyemaliza shauri. Kwa maelezo yake, Koki amelala miaka ishirini kichwa kikiwa mita sita kutoka kwenye transfoma, moyo ukapokea moto wa ziada usiku kucha, na lililobaki lilikuwa kuuzamishia waya wa ardhini. Alimshauri atembee pekupeku asubuhi, mguu wa kushoto tu, kwa sababu moyo uko kushoto.

— Mguu mmoja? aliuliza Desimali.

— Ukivua vyote viwili unakata saketi.

Kwenye mchoro aliongeza fyuzi mbili na swichi. Moyo wa Koki sasa ulikuwa na barabara, kituo cha ukaguzi na swichi, na pale palipoziba kweli kahawa ilikuwa imekwisha kukauka.

— Jamani, alisema Koki, nisikilizeni kidogo. Ule ukurasa wa pili...

— Ukurasa wa pili usiusome, alisema Breki. Nimesaini karatasi nyingi za mizigo. Wa kwanza ni wa kukukaribisha, wa pili ni wa kukutisha. Wanaandika yote yanayoweza kukupata ili yakikupata wasiulizwe.

— Si wa vitisho. Ni kuhusu damu.

— Damu yako ina matatizo gani tena? Fyuzi alimgeukia mwenye kahawa. Ni hii kahawa. Nilisema. Inaifanya damu iwe nzito kama grisi.

Mwenye kahawa alimtazama, akalitazama birika, akammiminia Fyuzi kikombe cha tano. Fyuzi alikipokea.

Desimali alikuwa akikunja na kukunjua vidole kwa muda, na wenzake walijua kwamba vidole hivyo vina hesabu ndani yake.

— Tuache dhana, alisema hatimaye. Moyo wa mtu mzima unapiga, tuseme, mara sabini na mbili kwa dakika. Kwa siku ni mara laki moja, elfu tatu, mia sita na themanini. Koki ana miaka sitini na mitatu. Moyo wake umekwisha kupiga mara bilioni mbili, milioni mia tatu themanini na nne, laki moja, elfu ishirini na moja na mia sita, bila kuhesabu siku za ziada za miaka mirefu.

— Ndiyo maana umechoka, alisema Breki.

— Ngoja. Wamekwisha kuwawekea wangapi bomba hilo?

— Kumi na mmoja, alisema Koki. Mimi wa kumi na mbili.

— Wako hai wangapi?

— Wote kumi na mmoja. Wa kwanza amemaliza nalo miaka minne sasa.

— Vizuri, lakini kumi na mmoja ni wachache, hawatoshi kunipa asilimia ya kuaminika. Kwa hiyo twende upande wa matumizi. Kupanda ngazi kunakuongezea mapigo thelathini kila dakika. Kubishana na mkeo, dakika kumi, mapigo mia nne. Mpira wa miguu redioni, siwezi hata kutaja. Kukaa hapa benchini je? Tangu ufike nimekutazama. Umetulia, hunyanyui kitu, kusema husemi. Unaokoa mapigo manane kwa dakika. Ukikaa saa sita kila siku, kwa mwaka umejiwekea zaidi ya milioni moja.

— Yaani kijiwe ni tiba, alisema Fyuzi.

— Kwa tarakimu, ndiyo.

— Basi hata upasuaji hauhitajiki. Akae hapa.

Walikubaliana wote watatu, jambo ambalo halikutokea tangu mwaka wa mafuriko. Breki alipendekeza Koki aje na mto.

Koki alifungua kinywa kwa mara ya nne, na safari hii kilichomzuia si mtu. Jiwe lile la maumivu alilolizoea lilimkalia nyuma ya mfupa wa kifua, likaanza kushuka mkono wa kushoto. Alitoa kidonge kwenye mfuko wa shati, akakiweka chini ya ulimi, akatulia akiangalia vidole vya miguu yake. Wenzake walikuwa wameingia katika suala la mto, kama uwe wa pamba au wa sponji. Mwenye kahawa peke yake aliacha kumimina. Alishikilia birika hewani, mdomo wake ukielekea kwenye kikombe bila kutoa kitu, mpaka Koki aliposhusha pumzi na kutikisa kichwa kidogo. Ndipo akaendelea.

Saa tano na nusu mkewe Koki aliingia kona ile, mtandio mabegani na kadi ya hospitali mkononi. Breki alijivuta kumpisha.

— Shemeji, karibu. Tunamtibu mumeo hapa.

— Asanteni, shemeji zangu. Nisingekuja, lakini niliona saa zinakwenda nikasema labda mnamalizia kuandika. Tena nilitaka niwashukuru mwenyewe. Si watu wote wangekubali. Alitoa kalamu kwenye mkunjo wa mtandio. Haya, niambieni nijaze. Nani ni kundi gani?

Waliangaliana.

— Kundi la nini, shemeji? aliuliza Breki.

— La damu.

Kwa saa moja na dakika arobaini na tano watu hao walikuwa wamezungumza damu. Walikuwa wameipitisha barabarani, wameipitisha kwenye waya, wameizidisha kwa mia tatu sitini na tano, na hapakuwa na mmoja wao aliyejua ni damu ya namna gani inayopita chini ya mkono wa shati lake. Breki alitazama kiwiko chake kana kwamba kundi limeandikwa hapo. Fyuzi alianza kusema kitu kuhusu volti, akaacha. Desimali alifungua vidole vya mkono, akavifumba.

Mkewe alimgeukia mumewe.

— Hujawaambia.

Koki aliitenganisha karatasi ya pili na ile ya kwanza. Akailaza juu ya ubao, juu ya ule moyo wenye kituo cha ukaguzi. Ile sentensi aliyoipanga njiani ilikuwa bado ipo, maneno yake yote matatu, lakini ilimtoka kwa sauti ya mtu anayeongea akiwa ndani ya tangi.

— Naombeni mnitolee damu. Watu watatu. Mwisho saa nane, la sivyo Jumatatu yangu anapewa mwingine.

Hakuna aliyechovya kidole.

— Sasa wewe, alisema Breki, na sauti yake ilikuwa na hasira ya kweli. Unatuacha tunagawa bendera na mito tangu asubuhi, na ulichotaka ni hiki?

— Nilianza mara nne.

— Mara nne, ni kweli, alisema Desimali. Nilizihesabu. Nilidhani ni kikohozi.

— Kwa nini hukusema kwa nguvu? aliuliza Fyuzi. Lile bomba lililopasuka jikoni kwangu ulinizibia usiku wa sikukuu, hukutaka hata maji ya kunywa. Nilikuwa na maji, Koki. Yalikuwa yamejaa hadi kitandani.

Mkewe Koki alicheka kidogo, akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio, akashika kalamu.

— Andika jina langu, shemeji, alisema Fyuzi. Kundi wataliona wenyewe. Miaka hamsini na minne.

— Na mimi, alisema Breki. Hamsini na tisa. Akashika kiwiko chake. Shemeji, ile sindano ina unene gani?

— Wa kutosha.

— Mtu aliyeshusha tangi la mafuta mlimani bila breki, alisema Fyuzi.

— Tangi halichomi mtu. Andika, shemeji. Niandike haraka kabla sijafikiri.

Desimali alikuwa ameinamia karatasi, miwani kwenye ncha ya pua, akisoma maandishi madogo chini ya jedwali. Alisoma mara mbili.

— Mwisho miaka sitini na mitano, alisema. Mimi nina sitini na minane na miezi mitano. Alivua miwani. Shemeji, haiwezi kuandikwa kwamba niko karibu?

Hakuna aliyemcheka, ingawa nafasi kama hiyo waliingoja kwa miaka kumi na tisa. Mstari wa tatu ulibaki mweupe. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini.

Mwenye kahawa aliliweka birika juu ya makaa, taratibu, na kujifuta mikono.

— Arobaini na sita, alisema. Kundi silijui na mimi.

— Na kahawa? aliuliza Breki, ambaye hakuwa amemsikia akisema sentensi ndefu kiasi hicho.

— Nitamimina mimi, alisema Desimali. Birika ni vikombe ishirini na vinne, vimetoka kumi na sita, vimebaki vinane. Nendeni.

Kituo cha basi kilikuwa mwisho wa mtaa. Daktari alimruhusu Koki hatua hamsini kwa mkupuo, kisha apumzike, na watu watatu waliozoea kutembea kama wanaofukuzwa walikunja mwendo wao ukalingana na wa kwake. Midomo hawakuipunguza. Breki alitaka kujua ikiwa damu ya dereva itaingia moja kwa moja kwenye kile kijibomba, kwa sababu kama ni hivyo Koki ataanza kupiga honi kila kona. Fyuzi alisema damu yake yeye ndiyo itakayotangulia, maana ina kasi. Mwenye kahawa alisema yake itakuwa ya moto. Walisimama wakamtazama, wakaendelea.

Koki alikuwa akihesabu hatua. Alipofika ya thelathini na saba, mkono uliingia mfukoni wenyewe, kama ulivyoingia kila siku akiondoka kwenye kazi kuhakikisha hakuna kifaa kilichobaki, na haukukuta kitu.

— Umechoka? aliuliza mkewe.

— Hapana. Kikombe changu.

Aligeuka. Desimali alikuwa peke yake kwenye mita mbili na sentimita arobaini za benchi, birika mkononi, akimmiminia kahawa mpita njia mmoja aliyesimama mbele yake. Alimimina kwa uangalifu mkubwa, akipima kwa jicho, na alimimina ndani ya kikombe cha bati.

— Nikakuchukulie? aliuliza mkewe.

Koki alitazama mpaka yule mtu akapokea, akanywa, akapangusa mdomo.

— Kiache, alisema.

Zilibaki hatua kumi na tatu kabla ya kupumzika.